Pikipiki ya Inspekta Juu ya Meza

Préfet wetu, yaani mkuu wa shule, ameniomba niwaachie walimu vijana wa hesabu kurasa chache kabla sijaanza kusahau. Nadhani alitaka maneno ya busara. Busara sina nyingi. Nina miaka mingi ya chaki, nusu yake Butembo na nusu Beni, na nina kosa moja kubwa nililolifundisha vizuri sana. Nitaandika zaidi juu ya hilo kosa, kwa sababu mambo niliyoyafundisha sawasawa mtayakuta katika kitabu chochote.

Naitwa Katungu. Wanafunzi walianza kuniita Mama Prof nikiwa na miaka ishirini na minne, sina mtoto hata mmoja, na nimevaa koti la baba yangu kwa sababu asubuhi za Butembo zina baridi na mimi koti langu sikuwa nalo. Mikono ya koti ilifika kwenye kucha. Kila nilipoandika ubaoni, mkono wa koti ulifuata nyuma ukifuta. Somo langu la kwanza katika darasa la sita sayansi lilidumu saa nzima, na mwishoni ubaoni palibaki mstari mmoja tu, ule wa mwisho.

Siku hiyohiyo nilipewa bikari ya ubao. Walimu wa siku hizi mnachora duara kwa simu. Nyinyi hamjui bikari ya ubao. Ni ya mbao, ina urefu wa mbuzi mdogo, na ile yetu skrubu yake ilikuwa imechoka. Nilianza duara upande wa kulia, nikazunguka kwa heshima zote, na nilipomaliza nikakuta mwisho haukutani na mwanzo. Ulikuwa umepita chini yake kwa upana wa vidole vitatu. Kijana mmoja wa benchi la kwanza akanyoosha mkono. Jina lake Kasereka, shati limefungwa kifungo mpaka shingoni.

"Mama Prof, tuchore vile vile?"

"Chora vile iko," nikamjibu, kwa sababu sikujua niseme nini.

Akachora vile vile. Baadaye nilipokusanya madaftari niliona duara lake halikutani, kwa upana uleule, limepimwa kwa rula. Kasereka alikuwa mwanafunzi anayenakili kila kitu. Nikiandika, anaandika. Nikifuta, anafuta. Siku moja niliwakemea watu wa nyuma, na katika daftari lake, kati ya mistari miwili ya mahesabu, nikakuta: "Nyamazeni kule nyuma." Mwalimu mwenye mwanafunzi wa namna hiyo anatakiwa kuwa makini sana. Mimi sikuwa makini.

Wiki ya tatu tulifika kwenye grafu za sinus. Nitaeleza polepole, hata kwa asiyefundisha hesabu, kwa sababu hapa ndipo ugonjwa ulipoanzia. Sinus ni wimbi. Linapanda, linashuka, linapanda tena, bila kuchoka. Likiwa peke yake linacheza kati ya moja na hasi moja, na mstari wa sifuri uko katikati. Ukilizidisha kwa mbili, linapanda mpaka mbili na kushuka mpaka hasi mbili: limekuwa wimbi kubwa zaidi. Ukiongeza tatu, wimbi lote linahamia juu hatua tatu, bila kukua hata kidogo, kama nyumba ileile iliyojengwa juu zaidi ya kilima. Hiyo mbili ndiyo amplitude: umbali wa kutoka mstari wa katikati mpaka kileleni. Hiyo tatu ni kuhama tu.

Sasa andikeni y = 2 sin x + 3. Wimbi linafika tano juu, na chini linaishia moja. Mimi nilitazama kilele, nikaona tano, na kwa sauti ya mtu aliyepata diploma yake juzi nikasema, "Amplitude, ni tano." Nikaandika. Nikapiga mistari miwili chini yake kwa chaki nyekundu, maana chaki nyekundu tulikuwa nayo moja na niliihifadhi kwa mambo ya ukweli.

Benchi la kwanza likaandika. Mwaka ukaisha, wale wa sita wakafaulu, wakatawanyika, na tano yangu ikaondoka nao.

Aliyenigundua ni Prof Paluku. Alikuwa mzee wa fizikia, mrefu, mwenye tabia ya kusoma ubao wa mwalimu aliyemtangulia kabla ya kuufuta, kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Mwaka wangu wa pili alinikuta katika chumba cha walimu wakati wa mapumziko.

"Katungu, panda ku ile kiti."

"Pardon, Prof?"

"Kiti. Panda."

Kwetu Wanande mzee akikuambia panda, unapanda. Nikavua viatu, nikapanda kwenye kiti, na koti la baba juu.

"Kichwa yako iko juu kuliko mbele?"

"Ndiyo, Prof."

"Donc umekuwa mutu murefu?"

"Hapana, Prof."

"Juu ya nini hapana? Kichwa inakaribia mabati."

"Ni kiti ndiyo imenipandisha. Miye niko vile vile."

"Bon. Na sinus nayo iko vile vile. Tatu ni kiti. Mbili njo mutu." Akachukua chai yake. "Ile tano uliandika ku tableau jana, ni mutu na kiti yake. Hakuna fundi wa nguo anaweza kukupima na kiti."

Wakati huo préfet akaingia na wageni wawili kutoka kwa maaskofu, akamkuta mwalimu wake wa hesabu amesimama juu ya kiti bila viatu. Prof Paluku alikunywa chai. Mimi niliwasalimia wageni kutoka kule juu, kwa sababu kushuka kungeonekana vibaya zaidi.

Jioni nilimwambia Prof kwamba nitasahihisha kesho asubuhi. Akanitazama kwa huruma.

"Utasahihisha hii classe. Na ile ya mwaka jana?"

"Walishaenda."

"Njo vile. Kosa ya ubao inafutwa na kitambaa. Kosa ya kichwa inarudia nyumbani na mutoto, inaoa, inazaa."

Nilicheka. Nilikuwa kijana.

Alinipa pia chombo. Alikuwa amekata wimbi la sinus kutoka kwenye ubao wa libuyu, mti wa msitu wetu, urefu wa mikono iliyonyooshwa, akalipiga msasa mpaka likang'aa. Unaliweka kwenye ubao, unafuata ukingo wake kwa chaki, wimbi linatoka zuri kuliko la kitabu. Kisha unalipandisha hatua tatu, unachora tena, na kila mtoto anaona kwamba kipande cha mbao hakikukua. Nililitumia miaka mingi. Lilikuwa zuri hasa siku za mvua. Mnajua mvua yetu ikipiga mabati hakuna anayemsikia mwenzake. Siku hizo msihangaike na sauti, fundisheni grafu. Somo langu bora zaidi nililifundisha bila kusema neno hata moja, na sitaki mtu atoe maana yoyote katika hilo.

Kisha niliolewa Beni, nikahama na koti nikaliacha, kwa sababu Beni ni chini na jua lake halihitaji koti. Shule yangu mpya ilikuwa Mulekera. Wimbi la mbao nililifunga katika kitenge nikalibeba mapajani njia nzima, na dereva akaniuliza kama ni sehemu ya kitanda. Miaka ya Beni haikuwa yote ya kuchekesha. Kuna miaka darasa langu lilikuwa na watoto wa shule tatu, kwa sababu mbili zilikuwa zimekimbiwa wakati wa vita, na walikaa wanne kwenye benchi la wawili. Unauliza swali, mtoto anajibu vizuri, kisha kesho yake hayupo, na hujui kama amehama tena au nini. Nilijifunza kumaliza wazo moja ndani ya saa moja. Usimwachie mtoto nusu ya wazo ukitegemea kesho.

Wimbi la Prof Paluku lilifia Beni. Likizo moja niliacha limeegemea ukuta, na niliporudi mchwa walikuwa wameanzia upande mmoja. Walikula kutoka pi mpaka pi mbili, wakaniachia kilima bila bonde. Nusu iliyobaki ilifanana na mgongo wa nguruwe, na mwenzangu wa jiografia aliiomba kwa ajili ya somo la milima.

Kwa hiyo mwaka ninaotaka kuusimulia sikuwa na chombo chochote ila rula ya mita na darasa la watu thelathini na wanane. Na ulikuwa mwaka mbaya wa kukosa chombo, kwa sababu walitangaza kwamba inspekta wa hesabu atakuja kuamua kama sehemu yetu ya sayansi iendelee au ifungwe. Ikifungwa, watoto wangehamia sehemu ya ualimu, au wazazi wangewapeleka Butembo kwa barabara ambayo siku hizo mzazi aliiulizia mara tatu kabla ya kumpandisha mtoto garini. Préfet alipaka chokaa mawe ya uani. Alitufanyisha mazoezi ya kusema "Bonjour, Monsieur l'inspecteur" mpaka hata mbuzi wa jirani nadhani angeweza.

Katika darasa hilo alikuwapo Zaituni. Baba yake ni msafirishaji, ana lori linalopakia kati ya Beni na Butembo, na Zaituni alikulia kwenye gereji. Aliweza kuziba gurudumu, kusikiliza injini na kusema inaumwa wapi. Hesabu aliipenda kwa sababu, alisema, haitoi moshi. Tena aliogopa barabara kuliko wote, maana aliijua. "Kama sehemu inafungwa, Mama Prof," aliniambia siku moja akinisaidia kubeba madaftari, "papa hatanituma Butembo. Anaona kila siku yenye inapita mule barabarani. Nitakaa nyumbani." Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma matokeo.

Inspekta alikuja siku ya Jumanne kwa pikipiki yake mwenyewe. Moto, ndivyo tunavyoita pikipiki, na ile yake ilikuwa nyekundu, safi, kiti kimefunikwa plastiki ya dukani ambayo hakuitoa. Aliisimamisha chini ya dirisha la darasa langu ili aione akiwa ndani. Akanawa mikono getini, akavua kofia, na shati lake lilikuwa limefungwa kifungo mpaka shingoni.

"Mama Prof!"

"Kasereka?"

"Njo miye! Mama Prof, ni weye umenifanya inspekta. Nasemaka kila fasi: hesabu yangu ni ya Mama Prof Katungu."

Préfet alifurahi nusura atupe mikono hewani. Mimi pia nilifurahi, kwa dakika kumi hivi. Kasereka na préfet waliketi nyuma, nikaandika tarehe, na kwa kuwa mpangilio wa masomo ndivyo ulivyosema, nikaandika y = 2 sin x + 3.

"Amplitude ni ngapi?"

"Mbili," akasema Zaituni.

Kule nyuma mtu akakohoa. Inspekta kwa kawaida hasemi kitu mpaka somo liishe. Ni sheria yao. Kasereka alikohoa tena, akapachika mguu juu ya mguu, akaushusha. Mwishowe akasimama.

"Pardon, Mama Prof. Mutoto amekosea. Ni tano."

"Tano," akasema préfet, ambaye anafundisha dini, kwa uhakika wa mtu aliyesikia sasa hivi.

Nilijua ile tano. Niliijua kama mama anavyomjua mtoto wake katikati ya soko. Na nitawaambia ukweli nyinyi vijana: wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Ningesema "merci, Monsieur l'inspecteur," ningeandika tano, angeweka sahihi, sehemu ya sayansi ingebaki, na Jumatano asubuhi ningefuta na kuandika mbili. Préfet alikuwa ananiomba hivyo kwa macho. Nikageukia ubao, chaki mkononi, na Zaituni akawa ananitazama ili ajue aandike nini.

"Ni mbili, Monsieur l'inspecteur," nikasema.

Kasereka hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinitazama kwa upendo na huzuni, kama unavyomtazama bibi yako aliyekuita kwa jina la kaka yako. Akaja mbele taratibu, akaniambia kwa sauti ndogo ambayo benchi tatu za kwanza zilisikia:

"Mama Prof, ao umechoka? Ni weye mwenyewe ulitufundisha. Ulisahau?"

Akafungua mkoba wake, akatoa daftari. Lilikuwa na jalada la karatasi ya kahawia, limebandikwa upya mara nyingi. Alilifungua bila kutafuta ukurasa. Mwandiko mzuri, wino wa bluu: Amplitude = 5, mistari miwili nyekundu chini. Alikuwa amenunua kalamu nyekundu kwa ajili yake.

"Niko nafundisha na hii mpaka leo," akasema. "Mu seminaire zote za ba-prof."

Nilishika meza. Moyoni nilianza kuhesabu semina, na walimu katika kila semina, na watoto katika kila darasa, kisha nikaacha, kwa sababu sikutaka kujua jibu.

"Kasereka," nikasema, na nikasema kwa sauti ya darasa zima lisikie, "ni miye nilikosea. Mwaka ule nilifundisha makosa. Weye uliandika vizuri. Miye njo nilisema mubaya."

Préfet alifunika uso kwa orodha ya majina. Na Kasereka, mniamini, alikataa.

"Hapana, Mama Prof. Hapana sema vile. Weye haukukosea."

"Nilikosea."

"Haukukosea! Unajikosesha bure mbele ya batoto." Akamgeukia préfet. "Ni uchovu. Préfet, huyu mama anahitaji repos. Tutaandika mu rapport: mwalimu amechoka."

Hapo ndipo nilipoona tunakoelekea. Mwalimu amechoka, hakuna mwingine, sehemu ya sayansi ifungwe. Nilikuwa ninapoteza darasa langu kwa sababu mwanafunzi wangu ananiheshimu mno. Nilimchorea wimbi. Akasema ni zuri. Nilimwonyesha kilele na bonde, nikapima nusu ya nafasi kati yake. Akasema, "Ndiyo, mais amplitude inapimwa toka chini," na akanionyesha daftari, nami nikasomeshwa maneno yangu mwenyewe. Nilifikiria kumpandisha kwenye kiti, lakini mtu hampandishi inspekta kwenye kiti.

Zaituni akasimama.

"Monsieur l'inspecteur, naomba moto yako."

"Kufanya nini?"

"Kupima."

Hakuna mwenye pikipiki nzuri anayekataa ikipimwa. Akasema mutazame, musiguse plastiki. Darasa lote likatoka nje, na préfet nyuma yetu akiuliza kila mtu kama hii iko katika mpangilio wa masomo.

Zaituni aliiweka moto juu ya stendi yake ya katikati, gurudumu la nyuma likainuka kidogo, likawa linazunguka hewani. Akachora alama nyeupe ya chaki kwenye ukingo wa tairi. Akatuma watu walete mti mrefu wa kuangulia maparachichi, akausimamisha wima kando ya gurudumu.

"Zungusha polepole," akamwambia mwenzake. Alama ikapanda, ikashuka, ikapanda. "Munaona? Iko inafanya sinus." Alama ilipofika juu kabisa akaweka chaki kwenye mti. Ilipofika chini kabisa akaweka nyingine. "Monsieur l'inspecteur, katikati ya hizi mbili kuna nini?"

Kasereka akainama. "Ekseli."

"Na toka ekseli mpaka juu?"

"Ni nusu ya gurudumu. Rayon."

"Bon. Sasa tupandishe moto ku meza."

"Ku meza gani?"

Meza imara ilikuwa moja tu shuleni, ya préfet. Walikuwa wamekwisha kuitoa. Nilimwona préfet amesimama na wino wake, mihuri yake na picha ya ubatizo wa mwanawe mikononi, na kabla Kasereka hajasema ndiyo au hapana, wavulana na wasichana kumi na wawili walikuwa wameinyanyua moto yake nyekundu. Alikimbia upande huu na upande ule akilia, "Polepole! Plastiki! Kioo! Mutu ashike kioo!" Walimu wa madarasa mengine walitoka. Mama anayeuza ndizi getini aliingia na ndizi zake. Moto ikakaa juu ya meza, katikati ya uwanja wenye mawe meupe, na kwa kweli ilipendeza.

Zaituni akasimamisha mti tena, wakazungusha, akatia alama mbili mpya.

"Chaki ya juu imepanda?"

"Imepanda," akasema Kasereka.

"Sana?"

"Sana."

"Sasa, kama amplitude ni kupima toka chini mpaka juu kabisa, donc amplitude imekuwa kubwa." Akamgeukia kwa adabu, mikono nyuma. "Monsieur l'inspecteur, tairi yako imekuwa munene? Ukishuka hapa utatafuta tairi ingine?"

Mama wa ndizi ndiye aliyeanza kucheka. Alisema kwa sauti kubwa, "Eh! Basi miye nami nipande ku meza, ndizi zangu zikuwe munene!" Uwanja mzima ukacheka, préfet pia, na picha ya ubatizo ikamponyoka.

Kasereka hakucheka. Alichukua mti mkononi mwa Zaituni. Akapima kwa shubiri nafasi kati ya zile alama mbili za kwanza, kisha kati ya zile mbili za juu. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akaenda kuketi kwenye ngazi ya darasa, mti mapajani.

Nikaketi kando yake.

"Iko sawasawa," akasema. "Shubiri ni zile zile."

"Ndiyo."

"Mama Prof, kuna prof mumoja kule Oicha. Alisema mbili. Nilimuandikia mubaya mu rapport. Nilimuambia arudie masomo." Akauweka mti chini. "Alikuwa na muke yake na batoto pale. Nilimuambia mbele yao."

Nilimwambia, "Nisamehe, Kasereka," na nilikuwa ninamwomba yeye, na yule mwalimu wa Oicha, na watu ambao sitawajua kamwe. Akaangalia daftari lake la kahawia. Nilidhani atalichana. Alitoa kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya tano, akaandika mbili, akapuliza wino ukauke. Mtu wa kunakili vizuri hata kosa lake analifuta vizuri.

Kuishusha moto kulichukua muda mrefu kuliko kuipandisha. Kupandisha wote walitaka, kushusha waliogopa. Ilishuka ikiwa na mkwaruzo mmoja kwenye tangi, na plastiki ilipasuka. Kasereka alitazama mkwaruzo, akatazama watoto thelathini na wanane waliosimama kama askari, akasema, "Bon. Sasa iko ya kwangu kweli."

Ripoti niliiona baada ya wiki mbili, préfet alinisomea mlango ukiwa umefungwa. Ilisema sehemu ya sayansi iendelee. Penye vifaa vya kufundishia aliandika: "Vinatosha, lakini ni vizito." Penye makosa ya mwalimu aliandika: "Moja. Limesahihishwa." Préfet aliuliza kama neno "vizito" ni sifa au lawama. Nilimwambia achukue kama sifa. Zaituni alimaliza mwaka wake hapohapo Mulekera, na sasa yuko mwaka wa pili wa uhandisi. Baba yake husimulia mambo ya tairi kwa kila abiria anayekaa mbele.

Ningemalizia hapo, lakini Kasereka hakumalizia. Jumamosi moja asubuhi alikuja kwangu na kofia mbili.

"Tuende Oicha, Mama Prof. Nimeita ba-prof bote ba hesabu. Miye peke yangu nitasema, hawataamini. Niliwafundisha vizuri."

Nilipanda nyuma yake. Mtu wa umri wangu akipanda moto kwenda Oicha, magoti yake yanasali rozari nzima. Njiani kulikuwa na kakao imeanikwa kando ya barabara. Ukumbi ulijaa. Katika kiti cha mwisho karibu na mlango aliketi mwanamume mwembamba, mikono imekunjwa, na Kasereka alikwenda kwake kwanza kabla ya kumsalimia yeyote. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu yule mwalimu akikunjua mikono yake, akamwachia nafasi ya kukaa.

Kisha Kasereka akaandika ubaoni y = 2 sin x + 3, akauliza amplitude ni ngapi. Walimu arobaini wakajibu pamoja, kwa furaha, "Tano!" Sijawahi kuogopa namna ile.

Nilisimama. Niliwaeleza yote: koti, chaki nyekundu, mwaka wangu wa kwanza, mutu na kiti yake. Nilichora, nikapima, nikawaomba msamaha. Hawakucheka. Waliandika. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali, na mwalimu mmoja kijana sana, msichana, bila shaka mwaka wake wa kwanza, akanyoosha mkono kwa woga.

"Mama Prof, na ile yote ingine ulifundisha miaka yote ile, ile iko sawa?"

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama, kalamu tayari. Niliona Kasereka naye amefungua ukurasa mpya.

"Sijui," nikamwambia. "Mupime."